TUZO ZA MAINJINIA NA WAZO LA MTU WA KARAKANA



Mwezi wa Juni 2024 ilitangazwa Nairobi kwamba Esther Kimani, injinia wa Kenya, ameshinda pauni 50,000 za Kiingereza kwa kutengeneza kifaa kinachogundua wadudu na magonjwa ya mimea mapema, kabla shamba halijaharibika. Tangu wakati ule nimeulizwa swali moja katika mikutano ya matawi, ya mashambani na ya viwandani. Hizo tuzo ni za nini, nani anatoa fedha, na kwa nini wanapewa mainjinia wenye vyeti, wakati fundi anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha boila hapewi hata barua?

Swali hilo ni la haki. Ukurasa huu utajaribu kulijibu, lakini kwanza yafaa tueleze tuzo zenyewe zinavyokwenda, kwa maana kuna wanaozisifu na wanaozilaumu ambao hawajui hata zinatolewa wapi.

TUZO YENYEWE

Tuzo aliyoipata Kimani inaitwa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi. Inatolewa na jumuiya ya mainjinia mabingwa wa Uingereza, Royal Academy of Engineering, iliyoundwa mwaka 1976 na yenye makao yake London. Tuzo hii ya Afrika ilianzishwa mwaka 2014, na mshindi wa kwanza akapatikana mwaka 2015. Huko kwao jumuiya hiyo ina tuzo nyingine, mojawapo ikiwa ni medali ya madini ya fedha wanayopewa mainjinia walio mwanzoni au katikati ya maisha yao ya kazi, ambao wametengeneza kitu kipya kikafika sokoni. Nia yao si kumpa mzee aliyestaafu heshima ya kuagana. Wazee wana medali zao. Hizi ni za mtu ambaye bado ana miaka mingi ya kazi mbele yake, ili apate nguvu ya kuendelea.

Utaratibu wa tuzo ya Afrika ni kama ifuatavyo. Waombaji hupeleka maelezo ya kitu walichobuni. Huchaguliwa wachache, mara nyingi kama 15 au 16 hivi. Hao hawapewi fedha papo hapo. Kwanza hufundishwa kwa miezi kadhaa, na katika miaka ya karibuni mafunzo yamekuwa ya miezi 8. Wanafundishwa kupanga bei, kutafuta wanunuzi, kuulinda uvumbuzi wao kisheria, na kusimama mbele ya watu wakaeleweka. Mwishoni hubaki wanne, ambao husimama mbele ya waamuzi na kila mmoja hueleza kitu chake. Hadi mwaka 2023 mshindi alipata pauni 25,000, na wale watatu pauni 10,000 kila mmoja. Mwaka 2024 tuzo ilikuwa inatimiza miaka kumi, ndiyo sababu fedha za mshindi zikawa mara mbili.

Watu wengi wanaposikia habari hizi hukamata zile pauni tu. Mimi nayaona yale mafunzo kuwa jambo kubwa zaidi. Fedha zinakwisha, tena haraka, kwa mtu anayenunua vyuma na kulipa wasaidizi. Lakini aliyekwisha kufundishwa sheria ya uvumbuzi hadanganywi tena na mtu yeyote mwenye karatasi na kalamu. Na hilo ndilo somo ambalo sisi wa karakana na wa shambani hatulipati popote, labda katika kurasa kama hizi.

WALIOSHINDA WALITENGENEZA NINI

Wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Mtanzania, Dk. Askwar Hilonga, mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Wanaoijua Arusha wanajua habari ya maji yake. Sehemu nyingi za huko maji yana madini ya floraidi kupita kiasi, na watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno ya kahawia. Wengine hata mifupa hupinda. Ukiyachemsha maji hayo unaua vijidudu, lakini floraidi inabaki pale pale. Hilonga alitengeneza chujio la hatua mbili. Mchanga unazuia uchafu na vijidudu, kisha maji yanapita katika chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo hunasa floraidi na metali zenye sumu. Jambo la akili hapo ni kwamba chujio linaweza kupangwa kulingana na maji ya mahali, kwa kuwa maji ya Karatu na maji ya mjini penye viwanda hayana ugonjwa mmoja. Kampuni yake aliipa jina la kijiji alichozaliwa, Gongali.

Sisi wa Uganda tulishangilia mwaka 2018, Brian Gitta aliposhinda akiwa na umri wa miaka 24. Kijana huyu aliugua malaria akakosa masomo, na vipimo vya damu vikashindwa kuonyesha ugonjwa mapema. Akaungana na wenzake wakatengeneza kifaa walichokiita Matibabu, kinachobana kidole na kupitisha mwanga mwekundu, bila sindano, bila tone la damu, na majibu yanafika katika simu kwa muda mfupi. Yafaa ieleweke kwamba wakati wa kutuzwa kifaa kile kilikuwa bado kinafanyiwa majaribio. Tuzo si cheti cha hospitali. Inasema tu kwamba kazi imeanza vizuri.

Mwaka 2022 alishinda Norah Magero wa Kenya kwa friji ndogo ya kubebeka inayotumia nguvu za jua, ya kuhifadhia chanjo katika zahanati zisizo na umeme. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Uganda tena, Anatoli Kirigwajjo, kwa mtambo unaounganisha majirani na polisi. Mmoja akivamiwa na wezi anabonyeza kitufe, wengine wanapata habari hata kama hakuna intaneti. Yeye mwenyewe alikuwa ameibiwa nyumbani.

Na Kimani ni mtoto wa wakulima wadogo. Aliona mazao ya nyumbani yakiliwa na wadudu mwaka hadi mwaka. Kifaa chake kina kamera inayotumia umeme wa jua na kompyuta iliyofundishwa kutambua dalili za wadudu na magonjwa, na kikiona jambo kinamtumia mkulima ujumbe wa maandishi kwenye simu. Mkulima hakinunui, anakikodi kwa kiasi cha dola 3 kwa mwezi. Waandaaji wa tuzo wanasema kinaweza kupunguza hasara ya mazao kwa hadi asilimia 30.

Angalieni, ndugu zangu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanzia kitabuni. Mmoja alianzia kwenye maji, mwingine kwenye homa, mwingine kwenye wizi wa usiku, mwingine kwenye shamba la wazazi. Elimu waliyokuwa nayo iliwasaidia kumaliza, lakini kuanza walianza kwa kuona shida kwa macho yao. Na kuona shida kwa macho, katika kiwanda au shamba, nani anatushinda? Anayesimama saa nane mbele ya mashine anaijua kikohozi chake kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto.

Kwa nini basi hatumo? Jibu ni kwamba tuzo haimlipi mwenye wazo. Inamlipa aliyethibitisha kwamba wazo ni lake na kwamba linafanya kazi. Hayo ni mambo mawili, na la kwanza ndilo linalotuangusha.

UGOMVI WA TAA YA MGODINI

Ugomvi wa nani apewe jina si wa leo. Nitaeleza mmoja uliotokea Uingereza hukohuko, zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa sababu ulimhusu mtu wa mashine.

Migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini ya Uingereza ilikuwa na gesi inayowaka. Wachimbaji walifanya kazi gizani kwa taa za moto wazi, na gesi ikikutana na moto shimo zima hulipuka. Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling ulilipuka, wakafa watu zaidi ya 90, wakiwamo watoto. Ikatafutwa taa isiyoweza kuwasha gesi.

Watu wawili waliipata karibu wakati mmoja, mwaka 1815. Mmoja alikuwa Sir Humphry Davy, mtaalamu mashuhuri wa London. Wa pili alikuwa George Stephenson, fundi wa mashine katika mgodi wa Killingworth, mtu ambaye hadi anafika miaka 18 alikuwa hajui kusoma wala kuandika, akajilipia mwenyewe masomo ya usiku. Tarehe 21 Oktoba 1815 Stephenson aliingia na taa yake ya kwanza mahali gesi ilipokuwa ikivuma ndani ya mgodi. Wenzake wakabaki nyuma wakingoja kusikia mlipuko. Haukutokea. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Davy akasoma maelezo yake mbele ya wataalamu wa Royal Society, London.

Wenye migodi walipokuja kutoa tuzo, Davy alipata pauni 2,000. Stephenson akapewa gini 100, yaani pauni 105. Davy hakukubali hata hizo. Alisema fundi asiyejua kemia hawezi kubuni kitu kama kile, basi lazima ameiba.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Stephenson hakuwa na cheti, hakuwa na rafiki London, na kwa maneno matupu asingemshinda Sir. Kilichomwokoa ni kwamba palikuwa na watu waliokuwa naye siku ile mgodini, palikuwa na fundi bati wa Newcastle aliyemtengenezea taa, na palikuwa na tarehe. Akachapisha maelezo yake, mashahidi wakasema. Mwaka 1818 wale waliomwamini wakamkabidhi pauni 1,000 walizochanga. Baadaye mtu huyuhuyu alijenga reli, na leo wanamwita baba wa reli.

Taa zenyewe nazo zilileta jambo ambalo wafanyakazi wanapaswa kulijua. Watu walitegemea vifo vitapungua. Lakini wenye migodi walipoona taa ipo, walifungua sehemu zilizokuwa zimeachwa kwa kuogopa gesi, wakawateremsha watu chini zaidi. Milipuko ikaendelea. Taa ilikuwa nzuri. Aliyeamua itumike vipi hakuwa mchimbaji.

Kwa hiyo mashine ikipata tuzo, chama hakina budi kuuliza swali ambalo waamuzi wa tuzo hawaulizi: ikifika kwetu, kazi ya nani inapungua na faida inakwenda kwa nani? Tunakumbuka Kericho, Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto na watu waliokasirika kupotewa na kazi. Mashine ya kuchuma ni werevu wa injinia fulani, na yamkini kwao alipongezwa. Mimi siungi mkono kuchoma mali. Lakini mwajiri anayeleta mashine usiku na kuwaambia watu asubuhi, naye amewasha kiberiti chake. Hata kamera ya wadudu, nzuri kama ilivyo kwa mkulima mwenye ekari mbili, ikifika katika shamba kubwa itamkuta mtu ambaye kazi yake ni kupita mistari akikagua majani. Mtu huyo apangiwe nini? Hilo lizungumzwe kabla.

WAZO LA KARAKANANI NI LA NANI?

Nirudi kwenye jambo la jina na tarehe, kwa kuwa ndilo linalotugusa kila siku.

Katika kiwanda kimoja cha chai, ambacho sitakitaja, palikuwa na chekecheo lililokuwa likiziba kwa nyuzi za majani kila zamu. Mashine husimamishwa, mtu anaingiza mkono kusafisha, na mara moja kidole kilikwenda. Fundi mmoja alichukua mnyororo wa baiskeli na brashi kuukuu, akafunga kitu kinachosafisha chekecheo huku linatembea. Kusimama kukaisha. Baada ya miezi kadhaa injinia wa kiwanda akakichora, akakiandika katika taarifa yake, na kifaa kikapelekwa katika viwanda vingine vya kampuni ileile. Injinia akapanda cheo. Fundi alipewa jozi ya buti za mpira na kushikwa mkono siku ya Mei Mosi. Tawi lilipokwenda kulalamika, meneja aliuliza swali moja tu, tena kwa upole: mna ushahidi gani? Hapakuwa na mchoro, hapakuwa na tarehe, hapakuwa na hata kipande cha barua.

Sheria inasemaje? Nitaeleza ya Kenya, ambayo ni ya mwaka 2001. Kwanza neno hataza. Hataza ni hati ya serikali inayompa mwenye uvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuuza bila ruhusa yake, kwa miaka 20. Basi kama mkataba wako wa kazi ni wa kubuni vitu, hataza ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini ikitokea kwamba kitu ulichobuni kina thamani kubwa kuliko ilivyotegemewa wakati wa kuandikiana mkataba, una haki ya malipo ya pekee.

Kama hukuajiriwa kubuni, wewe ni fundi au mwendesha mashine tu, ila ulitumia vifaa au maarifa uliyoyapata kwa mwajiri, haki ya hataza bado inakwenda kwa mwajiri, lakini wewe unastahili malipo ya haki, yakipimwa kwa mshahara wako na kwa umuhimu wa ulichobuni. Na kitu ulichokibuni nje ya kazi, bila vifaa vya mwajiri, ni chako.

Kisha kuna kifungu ambacho ningependa kila katibu wa tawi akijue kwa moyo. Sharti lolote katika mkataba linalompunguzia mvumbuzi haki hizi ni batili. Yaani ukisaini karatasi inayosema mawazo yako yote ni ya kampuni bure, karatasi hiyo haisimami. Wengi wamesaini na kunyamaza wakidhani mambo yamekwisha.

Uganda nayo ina sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 2014. Matawi yaipate, yaisome pamoja na mtu anayejua sheria, maana maneno ya nchi moja hayafanani yote na ya nchi nyingine.

Lakini sheria bila ushahidi ni kama jembe bila mpini. Kila mwenye mkono wa kubuni anunue daftari, lile la kushonwa, lisilotoka kurasa. Ukipata wazo liandike siku ileile, tarehe, shida iliyokuwapo, ulichofanya, vifaa ulivyotumia ni vya nani. Chora, hata kama mchoro ni wa kitoto. Wenzako wawili wa zamu waweke sahihi, na mmoja awe mjumbe wa tawi. Baada ya hapo mpe msimamizi barua, ubaki na nakala yenye mhuri au sahihi ya aliyeipokea. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie, yeye aweke dole gumba. Hakuna aibu hapo. Stephenson mwenyewe hakuwa mwandishi hodari.

Kwa upande wa chama, mazungumzo ya mkataba wa pamoja yanapofunguliwa, tusidai mshahara na sare peke yake. Tuombe kifungu cha mawazo ya wafanyakazi: mwajiri apokee kwa maandishi, ajibu katika muda uliowekwa, jina la mwenye wazo liandikwe katika taarifa yoyote itakayotoka, na kiasi cha malipo kijulikane. Waajiri wenye busara hawatakataa, kwa kuwa mtu anayejua atalipwa hafichi wazo lake mfukoni.

Limebaki swali la wale wasio na shahada. Tuzo za mainjinia kama hii ya Uingereza hulenga watu waliosoma uhandisi au walio na taasisi nyuma yao, na fundi peke yake hupata shida kuzifikia. Lakini si mashindano yote yako hivyo. Tanzania ina Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019. Humo kuna makundi ya shule, ya vyuo vya ufundi, ya vyuo vikuu, na kuna kundi la watu wa mfumo usio rasmi, yaani fundi wa mtaani ambaye chuo chake ni gereji. Wanachama walio upande wa Tanzania waulizie habari zake, na sisi wa nchi nyingine tuwaulize wakubwa wetu kwa nini mlango kama huo usiwekwe na kwetu.

Anayetaka kwenda katika mashindano au maonyesho yoyote asikimbilie kuonyesha kifaa chake. Aulizie kwanza habari za hataza katika ofisi ya serikali inayohusika, au amwone katibu wa tawi wamwandikie pamoja. Kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kinaweza kukataliwa kupewa hataza kwa hoja kwamba si kipya tena.